Kabla ya salamu, Laurentine huuliza saa

Saa moja na nusu asubuhi, Laurentine Ngalula anafungua kufuli mbili za ofisi yake mtaani Kapata, nje kidogo ya mji wa migodi wa Kolwezi, katika Katanga, kusini mwa Kongo. Anaweka mkoba mezani. Haketi. Anachukua simu na kupiga namba anayoijua bila kuitazama.

"Ku yako, machine inasema ngapi?"

Sauti ya mwanamume inajibu kutoka Fungurume, kilomita kama mia moja kutoka hapa. Inataja saa na dakika.

"Na secondes?"

Sauti inataja sekunde. Laurentine anatazama kioo cha kompyuta yake, anatikisa kichwa kukubali, anakata simu. Ndipo anaketi.

Hakuna "jambo", hakuna habari za nyumbani. Katika mji huu, ambapo huwezi kununua hata kopo la unga kabla hujaulizia wazee na watoto wa muuzaji mmoja mmoja, simu ya namna hii ni nusu ya tusi. Wawili hawa wamekuwa wakipigiana hivyo kila siku ya kazi kwa miaka sita.

"Miye hapana kuamini mutu," anasema mama huyu wa miaka arobaini, huku akiwasha feni. "Na machine pia hapana. Njo kazi yangu ile." Katika Kiswahili cha hapa "njo" ni ndiyo, na "ba-" ni wa-.

Mwandishi wa makala hii naye hakusazwa. Kabla ya kujibu swali la kwanza, Laurentine aliomba kitambulisho, akakipiga picha, akaulizia jina la mhariri, kisha akampigia mhariri huyo kuhakikisha. Alipomaliza alicheka kidogo na kuagiza chai. Chai yenyewe alimwacha mgeni aionje kwanza.

Kwa mshahara wa dola mia nne na ishirini kwa mwezi, Laurentine ni fundi wa kanzidata wa Tujikaze, ushirika wa wachimbaji wadogo wa shaba na kobalti. Ushirika huo una orodha ya wachimbaji wenye ruhusa ya kuingia katika eneo lenye uzio karibu na Fungurume. Ambaye jina lake limo, lango linafunguka. Ambaye jina lake halimo, anarudi nyumbani na beleshi lake.

Orodha hiyo inakaa katika mashine mbili. Moja iko hapa Kapata, katika nyumba ya zamani ya kampuni ya serikali ya migodi, chumba kilichokuwa cha kulala cha watoto. Ya pili iko Fungurume, kando ya lango. Programu ya kunakili huzunguka kati ya mashine hizo kutwa nzima: kinachoandikwa huku hubebwa kule, na cha kule huletwa huku.

Kazi ya Laurentine ni kuhakikisha orodha mbili zinasema jambo moja. Zinapogombana, ni yeye wa kutafuta chanzo. Kwa kawaida chanzo ni kitu cha kipuuzi: umeme umekatika katikati ya kunakili, diski imejaa, au fundi wa mnara amezima mtambo ili ale chakula chake kwa amani.

Lakini mwaka 2019 orodha ziligombana kwa namna ambayo karibu iwagombanishe watu wa mji mzima.

Ulikuwa mwaka mbaya. Bei ya kobalti ilikuwa imeporomoka, na wanunuzi waliokuwa wakipigania magunia sasa walikuwa wakiyapiga teke kwa kiatu na kuondoka. Kisha wanajeshi wakaja kuwafukuza wachimbaji kutoka ndani ya mgodi mkubwa. Wengine walikimbia na kuacha nguo zao kwenye mashimo. Tujikaze ikapewa eneo dogo lenye uzio, na neno likatoka kwamba lango litafunguliwa siku fulani ya Jumatatu kwa walio katika orodha tu.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Jina liliandikwa Kapata, likabebwa na programu hadi Fungurume likiwa na alama ya "anasubiri". Mchimbaji alikwenda mwenyewe kwenye dirisha la Fungurume, akaweka kidole, na karani akabadilisha alama kuwa "amekubaliwa", kwa rangi ya kijani. Jina lililosubiri siku saba bila kuthibitishwa liliondolewa na mashine yenyewe, ili nafasi wapewe wengine.

Karani wa dirisha hilo alikuwa Banza, mtu wa Katanga ya kaskazini, mrefu, mkimya, asiyependa kutaniwa. Ndiye huyo huyo wa simu za asubuhi.

Siku kumi na nne kabla ya lango kufunguliwa, Laurentine alijiwa ofisini na kaka yake, Louis, mchimbaji mwenye watoto watano na mgongo uliokwisha kuchoka. Alikuwa ametoka dirishani Fungurume kuulizia kadi yake, akaambiwa hayumo.

"Nilijiona na macho yangu," Louis aliapa. "Jina yangu ilikuwa vert, na photo yangu kando. Banza alisema, nenda, umekubaliwa. Sasa banasema sijaandikwaka hata siku moja!"

Laurentine alitafuta. Kaka yake hakuwemo Kapata. Hakuwemo Fungurume. Akahesabu upya fomu za karatasi dhidi ya mashine, siku mbili mfululizo. Waliopotea walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Kati yao, mia mbili themanini na saba walikuwa watu wenye asili ya Kasai, katikati ya Kongo. Watu wake.

Kuna namba ambazo mtu wa Kasai aliyezaliwa Kolwezi hawezi kuzisoma kama fundi.

Mwaka 1993 alikuwa na miaka minane. Babu yake aliletwa huku kuchimba. Baba yake alikuwa karani wa mahudhurio wa kampuni, yule anayeandika nani ameingia kazini na saa ngapi. Wakaazi wa asili ya Kasai walipoanza kufukuzwa Katanga, baba alifika getini asubuhi moja akakuta kibao chenye namba yake kimeng'olewa ukutani. Yeye aliyewaandika wenzake kwa miaka kumi na tisa hakuwa ameandikwa popote.

Familia ililala stesheni ya Kolwezi wiki tano ikisubiri treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo Laurentine hakuwahi kuiona. Mdogo wake wa mwisho alifia hapo stesheni kwa surua. Laurentine hataki kulizungumza hilo zaidi, na hapa halitazungumzwa zaidi.

Mama yake, Mama Kabedi, alitoka na funzo moja kutoka stesheni ile, kwa sababu hata nafasi za treni zilikuwa kwa orodha, na majina yalikuwa yakiingia na kutoka. Alilirudia kwa watoto wake hadi likawa kama sala ya kabla ya kula.

"Kama banakuandika, nenda kutazama jina yako na macho yako," anasema kikongwe huyo, ambaye sasa anaishi na binti yake. "Usingoje kesho. Kesho njo banakufutaka."

Familia ilirudi Kolwezi mwaka 2001. Laurentine alisoma uhandisi wa kompyuta chuo cha jioni huku akiuza mafuta ya mawese. Alijifunza kwamba mashine haina kabila. Alilishika hilo kwa mikono miwili, mpaka siku alipoona mia mbili themanini na saba kati ya mia tatu na kumi na wawili.

Kwanza alifanya kama alivyofundishwa. Alikagua umeme: jenereta ilikuwa imefanya kazi bila kukatika. Alikagua mnara: mawasiliano yalikuwa mazuri. Alikagua diski, akakagua kama namba za fomu zimejirudia. Akafungua kumbukumbu ya makosa ya programu ya kunakili. Ilikuwa tupu. Kwa mujibu wa programu, kila kitu kilikwenda salama.

"Kama machine inasema iko muzima," anaeleza, "basi mugonjwa iko mutu."

Na mtu mwenyewe hakuwa wa kutafutwa kwa tochi. Louis alijiona kijani mbele ya Banza. Kisha akafutika. Wengine thelathini na wanne walileta ushahidi ule ule: kijani, nenda nyumbani, kisha hakuna kitu. Ni nani mwingine aliyekaa kwenye kioo kile baada ya wao kuondoka?

Tata Muamba, mwenyekiti wa chama cha watu wenye asili ya Kasai hapa Kolwezi, alikuja Kapata na suti yake ya kanisani ingawa ilikuwa Jumatano. Alikuwa amejiwekea utaratibu wake. Kila mtu wake alipoandikishwa, mzee huyo alikaa kwenye benchi la Laurentine hadi alione jina kwenye kioo, kisha akalipigia simu lori la chama lililokuwa likisubiri Fungurume. Vijana waliokuwa ndani ya lori waliruka chini papo hapo na kwenda dirishani kuweka kidole. Hakutaka jina lilale usiku mmoja bila kuthibitishwa.

"Mu nonante-trois ilianzaka vile vile, mwana," alimwambia Laurentine, akimaanisha mwaka 1993. "Na liste. Kisha liste, bunduki. Kama weye unanyamaza, nitajua uko upande gani."

Laurentine hakunyamaza. Jioni ile aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa mkuu wa ofisi, Mama Mado, akimshutumu Banza kwa jina kwamba anafuta wachimbaji kwa misingi ya kabila. Alhamisi Banza alisimamishwa kazi. Ijumaa vijana walirusha mawe kwenye bati la nyumba yake.

Anapolisimulia hili, Laurentine anasimama kwenda kufunga dirisha ambalo lilikuwa limefungwa tayari.

Kumsimamisha Banza hakukurudisha jina hata moja. Wiki iliyofuata, zikiwa zimebaki siku tano kabla ya lango kufunguliwa, Mama Mado, mwanamke wa maneno machache, alimpa agizo: nenda Fungurume, leta ushahidi, na leta majina. Laurentine alipanda gari la mizigo pamoja na magunia ya chumvi. Hakwenda kusikiliza. Alikwenda kukamata mtu.

Kilichomsumbua njiani ni wale ishirini na watano wasiokuwa wa Kasai. Kama Banza anafuta Wakasai, hawa aliwafuta kwa nini? Mmoja alikuwa binamu wa Banza mwenyewe. Alijiambia kwamba ni ujanja: amewatia wachache wa kwake ili asijulikane. Aliyekwisha kuamua kumshuku mtu hakosi jibu.

Banza, aliyeitwa ofisini kwa siku hiyo tu, alimpokea mbele ya mlinzi. Alikuwa na plasta juu ya jicho. Kwapani alikuwa amebana daftari la shule, la kurasa mia mbili, lenye jalada la bluu.

"Nilijua siku moja batanisemea mubaya," alimwambia. "Njo juu ya ile nilikuwa naandika kila mutu. Jina, siku, saa. Kila moja."

Laurentine alinyoosha mkono. Banza akarudisha daftari kwapani.

"Hapana. Cahier haitoke mu mukono yangu. Unasoma mbele ya macho yangu."

Basi wakasoma hivyo, yeye ameshika daftari kama anayemwonyesha mtoto picha, na Laurentine anainamisha shingo. Wanakumbuka wote wawili kwamba hakuna aliyemkaribisha mwenzake kiti.

Laurentine alitafuta jina la kaka yake. Louis Ntambwe, kidole, amekubaliwa, saa nne na dakika kumi na mbili. Akafungua karatasi zake za Kapata. Louis Ntambwe, ameandikwa, saa tano na dakika tano. Siku ile ile.

Alihisi furaha, anakiri, ile furaha mbaya ya kumnasa mtu. Banza alikuwa amemthibitisha Louis dakika hamsini na tatu kabla jina la Louis halijaandikwa popote duniani.

"Ulikubali mutu mbele hajazaliwa mu liste?" alimwuliza. "Hii cahier uliandika lini? Jana?"

"Naandika kile écran inasema," Banza alijibu, akionyesha kioo.

"Écran inasema bongo? Inadanganya?"

"Tazama weye mwenyewe."

Laurentine alitazama. Mashine ya Fungurume ilionyesha saa saba na dakika arobaini mchana. Simu yake mkononi ilionyesha saa nane na dakika arobaini.

"Ni saa ya Kinshasa," Banza alisema, kama anayeeleza mahali kisima kilipo. "Tangu yule mufundi wa Kinshasa aliiweka. Shiye bote hapa tunaongezaka tu saa moja mu kichwa."

Katanga iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Kila mtoto wa Kolwezi anajua, kwa sababu taarifa ya habari ya redio ya Kinshasa humtajia saa ambayo kwake imeshapita. Laurentine alijua pia. Ndiyo maana aliketi sakafuni, chini kabisa, mbele ya mlinzi.

Alikuwa amekumbuka kitu. Fundi wa Kinshasa alipoziweka mashine mbili mwanzoni mwa mwaka, zote aliziacha na saa ya kwao. Wiki ya kwanza tu, mtu mmoja pale Kapata alilalamika kwamba ripoti zinatoka na saa ya Kinshasa, kwani sisi ni watu wa Kinshasa? Ofisi nzima ikacheka, na Laurentine akainuka, akasogeza saa ya mashine ya Kapata mbele kwa mkono wake. Ilimchukua nusu dakika. Hakubadilisha eneo la saa kama inavyotakiwa, alisukuma tu mshale. Walimpigia makofi.

Programu ya kunakili haijui kucheka. Inaamini saa. Kanuni yake ni kwamba mashine mbili zikitofautiana kuhusu jina moja, toleo lililoandikwa mwisho ndilo linalobaki. Tangu siku ile ya makofi, Kapata ilikuwa ikiishi saa moja mbele ya dunia. Jina lililoandikwa Kapata likithibitishwa Fungurume dakika saba baadaye, programu iliona uthibitisho huo ni wa zamani, uliotangulia jina lenyewe. Ikautupa. Kijani kikarudi kuwa "anasubiri" mara tu mchimbaji alipogeuka, na baada ya siku saba jina likaondoka.

Haikuandika kosa, kwa sababu kwake halikuwa kosa. Iliandika "mgongano umesuluhishwa" katika kumbukumbu nyingine, ile ya taarifa ndogo ndogo, ambayo Laurentine alikuwa ameizima kwa sababu ilikuwa ikimjazia kioo.

Mchimbaji aliyekwenda dirishani kesho yake, au keshokutwa, hakupata tatizo lolote. Saa moja ilikuwa imeshapita. Waliopotea ni wale tu waliothibitishwa ndani ya saa moja. Na ni nani waliokuwa na lori linalosubiri, na mzee wa suti anayepiga simu kutoka kwenye benchi, na funzo la stesheni la kutongoja kesho? Wale ishirini na watano walikuwa wameomba tu nafasi kwenye lori hilo, binamu wa Banza akiwa mmojawapo.

Kwa maneno mengine, waliokimbilia kuhakikisha hawafutwi ndio waliofutwa. Waliojiachia, Wakasai kwa Wakatanga, walikuwa salama.

"Nililia," Laurentine anasema. "Sikulia juu ya machine. Nililia juu ya mama."

Mtu angetegemea hadithi iishie hapo, kwa kupeana mikono. Haikuishia hapo. Kumbukumbu ya migongano ilihifadhi matoleo yaliyotupwa kwa siku thelathini tu. Watu mia moja na tisini waliweza kurudishwa kutoka humo. Waliobaki, mia moja na ishirini na wawili, Louis akiwemo, hawakuwa na alama yoyote popote ya kwamba waliwahi kuweka kidole. Isipokuwa katika daftari la bluu.

Ilikuwa Alhamisi. Lango lilikuwa Jumatatu. Banza akaweka sharti.

"Ulinisemea mu barua," alimwambia. "Sasa unanitoa mu barua. Mbele ya Mama Mado na mbele ya Tata Muamba na bantu bake. Unasema ni mukono ya nani. Pale njo nitafungua cahier."

Laurentine alimwomba waliseme kwa upole: kwamba ni hitilafu ya saa, bila mkono wa mtu. Banza alikataa. Alimwomba wafungue daftari kwanza, maana watu wanangoja. Banza akakataa tena. Hakumwamini, na alikuwa na sababu iliyoshonwa juu ya jicho.

Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa parokia, mbele ya watu wapatao mia mbili, Laurentine alisimama. Alijua kazi yake inaweza kuishia hapo, na nyumba nzima ilikuwa ikila kwa kazi hiyo. Alijua pia kwamba kaka yake amekaa safu ya tatu.

"Ni miye nilisukuma saa," alisema. "Mukono yangu, hapana ya Banza. Nilimusingizia. Munisamehe, na yeye anisamehe."

Kisha mama mmoja akauliza kutoka nyuma, kwa sauti ya kawaida kabisa kama anayeulizia bei ya samaki: "Banza alikununua na ngapi?"

Ukumbi ukalipuka. Tata Muamba alitoka nje bila kuaga. Kwake ilikuwa wazi: mtoto wa Kasai amefungwa mdomo ili kumsafisha mtu wa Katanga, na hadithi ya saa ni ya kuwachekesha wajinga. Hakuwa peke yake. Kwa mwaka mzima uliofuata, anasema Laurentine, benchi lake kanisani lilikuwa na nafasi kubwa kuliko kawaida.

Lakini Banza alikuwa amesikia alichotaka kusikia. Alishuka kutoka jukwaani, akaweka daftari mezani mbele ya kompyuta ambayo Laurentine alikuja nayo, na akaanza kusoma. Yeye alisoma, Laurentine akaandika, siku ile na Jumapili baada ya misa. Majina mia moja na ishirini na mawili. Alipofika kwa Louis, alisoma mara mbili bila kuombwa.

Jumatatu lango lilifunguliwa. Louis Ntambwe aliweka kidole, kioo kikawa kijani. Hakuingia. Alisimama pale pale dakika kumi nzima akikitazama kioo, watu nyuma yake wakimpigia kelele, hadi alipoona kijani hakigeuki. Ndipo akainua beleshi.

Laurentine hakufukuzwa. Mama Mado alimkata nusu ya mshahara kwa miezi mitatu na kumtamkia sentensi moja ambayo anaikumbuka neno kwa neno: "Usiguse saa ya mutu tena." Banza alirudi dirishani na hadi leo yupo. Baada ya daftari lile la bluu ameshajaza mengine kumi na manne.

Siku hizi mashine zote mbili hujipatia saa sahihi zenyewe kutoka kwenye setilaiti. Simu ya asubuhi haina kazi yoyote ya kiufundi. Laurentine anakiri hivyo. Alipoulizwa kwa nini basi anaipiga, alijibu kwamba setilaiti nayo ni ya watu.

Tata Muamba, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja, bado huja Kapata mara moja kwa mwezi kuangalia majina ya wajukuu zake. Laurentine humgeuzia kioo bila neno. Mzee hutazama, hutikisa kichwa kukubali, huondoka. Hajawahi kusema kwamba anaiamini hadithi ya saa. Hajaacha kuja.

Mpango wa Laurentine ni kuweka vioo viwili vikubwa, kimoja ukutani Kapata na kimoja langoni Fungurume, vyenye majina yote na saa chini yake, ili yeyote ajitazame wakati wowote bila kuomba. Ameshaandika barua tatu kwa ushirika. Ya tatu imejibiwa: wanafikiria.

"Sitaki bantu baniamini," anasema. "Nataka baone."

Na tumaini lake? Anasema angependa siku moja ampigie Banza simu amwulizie watoto kwanza, kama watu. Hajui wako wangapi. Miaka sita, na hajui. Kila anapofungua mdomo, anasema, anaona lile jicho lenye plasta, na ulimi unakwenda kwenye saa.

Siku iliyofuata mwandishi alifunga safari hadi Fungurume, akakaa na Banza nusu saa dirishani pake. Ni mtu wa kujibu kwa neno moja moja. Ana watoto sita. Katika mazungumzo mwandishi alitaja, kwa kupita, kwamba Mama Kabedi amekuwa akiumwa malaria na hali chakula.

Asubuhi ya siku ya tatu, saa moja na nusu, Laurentine anafungua kufuli mbili, anaweka mkoba, hajaketi. Kabla hajagusa simu, inaita yenyewe. Ni namba ya Fungurume.

"Jambo, Mama Laurentine," inasema sauti. "Mama yako anaendelea namna gani?"

Laurentine anaziba simu kwa kiganja. Anamgeukia mwandishi kwa macho yale yale yaliyomtazama siku ile ya kitambulisho.

"Nani alimwambia mama yangu anagonjwa?" ananong'ona. "Anatafuta nini, huyu?"

Mwandishi anatazama juu. Feni inazunguka. Anaondoa kiganja.

"Ameanza kula," anasema polepole. "Jana alikula bukari, tonge mbili." Anavuta kiti. "Na kwako? Batoto?"

Jibu ni refu. Wako sita, na Banza, mtu wa neno moja moja, anawataja kwa majina, wa kwanza hadi wa mwisho. Laurentine anaketi taratibu huku akisikiliza, kalamu mkononi. Haandiki kitu.

Wanaagana. Anaweka simu mezani, anakitazama kioo cha kompyuta, na uso unamgeuka.

Hakuuliza saa. Anachukua simu, anapiga tena.